Habari za maji ya Mwezini ziandikwe pamoja na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, nalo ni namna magazeti na redio zetu zinavyotangaza habari za maji ya Mwezini. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili hutokea kichwa cha habari chenye herufi kubwa kwamba maji yamegunduliwa Mwezini, kana kwamba hayakuwa yamegunduliwa mara iliyopita, na chini yake msomaji haambiwi maji hayo yako katika hali gani, yamepatikana wapi hasa, wala ni kiasi gani. Sisi wa Newala na Tandahimba tunaishi juu ya uwanda wa Makonde, ambao mchanga wake humeza mvua yote, hata maji yetu inabidi yasukumwe kwa pampu kutoka bondeni au yavunwe kutoka kwenye bati na kuhifadhiwa katika shimo lililosakafiwa kwa saruji. Mtu wa huku akisoma habari ya namna hiyo atadhani ama kuna ziwa huko juu, ama anadanganywa, na dhana zote mbili hazimfikishi kwenye ukweli.

Tatizo ni kwamba habari tatu tofauti huandikwa kama moja. Kuna barafu iliyojificha katika kreta, yaani mashimo mapana, za ncha za Mwezi, ambamo mwanga wa jua hauingii kabisa. Oktoba 2009 Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliigongesha sehemu ya roketi katika kreta ya Cabeus karibu na ncha ya kusini, na vumbi lililoruka likaonyesha kuwa kati ya asilimia 5 na 6 ya uzito wa udongo wa pale ni maji. Kuna pia maji machache sana yaliyotawanyika katika udongo wa juu, ambayo kwa sehemu hutengenezwa pale haidrojeni inayopulizwa na jua inapokutana na oksijeni iliyomo katika vumbi la Mwezi. Hayo ndiyo yaliyozua kelele mwaka 2020, baada ya darubini iliyokuwa ikirushwa ndani ya ndege kuyaona katika kreta ya Clavius. Kiasi chake kilikadiriwa kuwa kama mililita 350 katika mita moja ya ujazo ya udongo, na NASA wenyewe walisema kuwa jangwa la Sahara lina maji mara 100 zaidi ya hayo. Sikumbuki kuisikia sentensi hiyo ya pili katika redio yoyote.

Habari ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya maji yaliyomo ndani ya Mwezi wenyewe, katika miamba iliyo chini ya ukoko wake, nayo huguswa kwa nadra. Naomba nikae hapo kidogo.

Wanaanga wa safari za Apollo walirudi duniani, kati ya 1969 na 1972, na kilo 382 za mawe na udongo. Miongoni mwa vitu walivyoleta mlikuwa na shanga za kioo zisizofikia hata milimita moja, za kijani kutoka safari ya Apollo 15 na za rangi ya chungwa kutoka Apollo 17, ambazo mwanajiolojia Harrison Schmitt alizikuta kandokando ya kreta ndogo mwezi Desemba 1972. Shanga hizo zilitoka katika volkano za zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipanda kutoka kilindini, gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake zikafumka kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa, na matone ya moto yakarushwa juu na kuganda kabla ya kutua. Kwa karibu miaka arobaini wataalamu waliamini kuwa hazina maji hata kidogo. Vyombo vyao havikuweza kutambua maji yaliyo chini ya gramu 50 hivi katika tani moja ya mwamba, kwa hiyo kila walipopima walikuta hakuna kitu, na jibu hilo lililingana na nadharia kwamba Mwezi ulizaliwa kutokana na mgongano mkubwa wa Dunia changa na gimba jingine miaka bilioni 4.5 iliyopita ambao joto lake lingefukuza maji yote.

Mwaka 2008 Alberto Saal wa Chuo Kikuu cha Brown na Erik Hauri wa Taasisi ya Carnegie, pamoja na wenzao, walizipima shanga zilezile kwa mtambo unaoona mpaka gramu 5 kwa tani, wakakuta zina maji yanayofika gramu 46 kwa tani. Angeweza mtu kupinga kwamba huo ni unyevu wa maabara, au ni haidrojeni ya jua iliyonata kwenye shanga. Lakini uchafu wa nje hukaa nje, na wao walipopima shanga moja kutoka kiini chake kuelekea ukingoni waliona maji yakipungua kutoka gramu 30 hivi hadi karibu nusu yake, yaani maji yalikuwa yakitoroka kutoka ndani wakati shanga ingali ya moto. Kwa kukokotoa kasi ya utorokaji huo walikadiria kuwa magma kabla ya kulipuka ilikuwa na takriban gramu 745 kwa tani. Nimefundisha kemia miaka mingi, na sijaona mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya kupima na kubahatisha.

Mwaka 2011 kundi hilohilo lilipata ushahidi usiohitaji kukokotoa kilichopotea. Ndani ya ule udongo wa rangi ya chungwa mna fuwele za madini ya olivini zilizonasa vitone vya magma kabla ya mlipuko, na kwa kuwa vilifungiwa ndani ya fuwele havikupata mwanya wa kutoa gesi zake. Vya kwanza vilipatikana na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, jambo ninalolitaja kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma gazeti hili. Vitone hivyo vilikuwa na maji kati ya gramu 615 na 1,410 kwa tani, kiwango kinachokaribiana na cha magma inayotoka chini ya sakafu ya bahari zetu.

Mjadala haujafungwa, na huo nao ni habari inayostahili kuandikwa. Wapo waliopima klorini katika mawe ya Mwezi, ambayo huacha alama tofauti pale haidrojeni inapokuwa haba, na kushikilia kuwa kwa jumla Mwezi ni mkavu. Mwaka 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilileta udongo wa kwanza kutoka upande wa Mwezi ambao hatuuoni kutoka duniani, na vipimo vilivyotolewa mwaka uliofuata vilionyesha kuwa miamba ya kilindini upande huo ina gramu 1 hadi 1.5 tu kwa tani, wakati ile ya upande wetu hufika hata 200. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kuutaja Mwezi wote, na anayetaja namba bila kusema sampuli ilitoka wapi hajatuambia kitu.

Dunia yetu pia ina siri kama hiyo. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa almasi moja kutoka Juína, Brazil, ilikuwa imebeba punje ya madini yaitwayo ringwudaiti, ambayo hukaa kilomita mia kadhaa chini ya miguu yetu, na punje hiyo ilikuwa na maji zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, yaani zaidi ya kilo 10 kwa tani. Kuhusu Mirihi, watafiti waliotumia mitetemeko iliyorekodiwa na chombo cha InSight walipendekeza mwaka 2024 kuwa kuna maji katika nyufa za miamba kuanzia kina cha kilomita 11 na nusu; hilo bado ni pendekezo, nami naliandika hivyo.

Msomaji atauliza jiwe kavu linawezaje kuwa na maji, na hapa ndipo ninapomshangaa zaidi mwandishi wa habari wa Kusini, kwa sababu jibu limelala Kilwa. Jasi inayochimbwa huko, ambayo viwanda huichanganya katika saruji, ikiwa safi ina maji karibu kilo 210 kwa kila tani, na bado mtu huishika mkononi ikiwa kavu kabisa, kwani molekuli za maji zimefungwa ndani ya mpangilio wa fuwele zake. Mwalimu yeyote wa Lindi au Mtwara anaweza kuiponda, kuipasha moto katika neli ya majaribio na kuwaonyesha wanafunzi matone yakijikusanya mdomoni mwa neli. Akiyadondoshea kopa salfeti kavu nyeupe, itageuka bluu. Ndani ya kioo na miamba ya Mwezini kinachoshikiliwa zaidi ni haidrojeni iliyoungana na oksijeni ya madini, si molekuli kamili kama katika jasi, lakini mtu aliyeona jaribio hilo hatashangaa tena kusikia maji ndani ya jiwe.

Tena Tanzania ina jina lake katika suala hili. Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, nacho ni cha aina adimu mno, kiasi kwamba herufi ya pili katika jina la kundi lake, CI, imetokana na Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vina maji yaliyofungwa katika madini ya mfinyanzi kwa zaidi ya kilo 100 kwa tani. Mwaka 2013 Saal na wenzake walilinganisha haidrojeni nzito na nyepesi katika vitone vya Mwezi, wakakuta uwiano wake unafanana na wa vimondo vyenye kaboni, jamii ambayo kimondo cha Ivuna kimo, na pia hautofautiani sana na wa maji ya duniani. Nimeona makala nyingi za Kiswahili kuhusu maji ya Mwezini; yenye kuitaja Ivuna bado sijaisoma.

Najua wapo watakaosema kuwa haya ni anasa wakati kina mama wa uwandani bado wanahangaika na ndoo. Hoja hiyo ina uzito, nami ninayekaa huku siidharau, ila ielekezwe kwa wanaopanga bajeti ya maji. Shanga zilizopimwa 2008 zilikuwa kabatini tangu 1971 na 1972, na hakuna bomba la Newala lililokatwa ili zipimwe.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Habari ya namna hii ikikufikia tena, mwandishi wako aandike iwapo ni barafu, ni maji ya udongo wa juu au ni ya ndani ya mwamba, sampuli imetoka upande gani, na ni gramu ngapi kwa tani. Sentensi mbili zinatosha, na nafasi yake inaweza kupatikana kwa kupunguza ukubwa wa herufi za kichwa cha habari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Newala, Mtwara.