Jasusi hatoki bandarini kwa kufyatua bastola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee hii hadithi ya kijasusi mnayotutolea kila Jumamosi. Hongereni, inanoga, mimi gazeti likishatua mkononi naanzia huko nyuma kwenye hadithi ndo narudi kwenye siasa. Ila toleo lililopita aisee mwandishi katuchezea. Shujaa kaingia bandari ya nchi ya watu usiku wa manane, mwenzake kafungiwa kwenye ghala, kaua walinzi sijui wangapi maana hata mwandishi mwenyewe hesabu ilimpotea, kambeba jamaa begani, wakadandia meli ya mizigo iliyokuwa inang'oa nanga, halafu tunaambiwa eti wako salama. Salama wapi?

Tuanze na hiyo meli. Meli ya mizigo haiondoki gatini kama daladala kwamba ikijaa tu inatoka. Lazima iwe na kibali cha kuondoka, wakala wa meli awe amemaliza makaratasi, apande rubani wa bandari, zije boti za kuvuta, na hao wote ni watu wa nchi ileile anayoikimbia shujaa wetu. Tangu Julai 2004 ulipoanza kutumika ule mwongozo wa kimataifa wa usalama wa meli na bandari uliokuja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, bandari zinazopokea meli za kimataifa zinatakiwa zidhibiti anayeingia na anayetoka, na pale kwenye ngazi ya meli anakaa baharia wa zamu anayeandika kila anayepanda. Na manahodha wanaogopa wazamiaji kuliko wanavyoogopa dhoruba, kwa hiyo kabla ya kuondoka meli inapekuliwa mpaka kwenye maboti ya kuokolea. Sasa hao wawili, mmoja anavuja damu, walipita wapi?

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi hizi wanalikosea, wanadhani ukishakanyaga meli yenye bendera ya nchi nyingine basi umeshafika nchi hiyo. Siyo hivyo. Meli ya biashara ikiwa ndani ya bandari iko chini ya sheria za nchi yenye bandari, polisi wanaweza kupanda wakamshusha mtuhumiwa kweupe na nahodha akabaki anaangalia. Yenye kinga ni manowari, meli ya kivita, hiyo polisi hawapandi bila ruhusa ya kamanda wake. Kwa hiyo kama mwandishi alitaka kuwaokoa kwa meli angewatafutia manowari, ila manowari ya nchi yako ikionekana bandarini usiku huohuo watu wanauana, huo siyo ujasusi tena.

Mhariri, mimi sidai hadithi iwe kama ripoti ya polisi. Ninachodai ni kwamba ukweli wenyewe una utamu kuzidi hizo risasi, na mwandishi wenu anaupita bila kuugusa. Mfano upo wa bandarini kabisa. Tarehe 10 Julai 1985, kwenye bandari ya Auckland kule New Zealand, majasusi wa Ufaransa waliizamisha meli ya Greenpeace, lile shirika la watetezi wa mazingira, iitwayo Rainbow Warrior kwa mabomu mawili, na mpiga picha Fernando Pereira akafia humo. Kazi ilifanyika, shida ikawa kutoka. Na walinaswaje? Siyo kwa mtandao mkubwa wa ujasusi wa upande wa pili. Kulikuwa na wanachama wa klabu ya boti waliokuwa wamechoka kuibiwa vifaa vyao, wakawa wanalinda usiku, wakaona gari limeegeshwa kiajabu wakaandika namba yake. Basi. Gari la kukodi, na waliolikodi walikuwa wanajifanya mke na mume wa Kiswisi waliokuja kutalii, kumbe ni maofisa wa Kifaransa Alain Mafart na Dominique Prieur. Walipolirudisha, polisi wanawasubiri.

Sasa hapo ndo tungeona uokoaji, siyo? Wenzao watatu waliokuwa na jahazi la matanga liitwalo Ouvéa walishatangulia kuondoka, polisi wa New Zealand wakawafuata mpaka kisiwa cha Norfolk ambacho kiko chini ya Australia, wakawahoji, ila ushahidi wa maabara ulikuwa haujatoka na sheria ya pale haikuruhusu kuwashikilia, wakaachiwa waendelee na safari. Jahazi halikuonekana tena, inaelezwa walichukuliwa na nyambizi ya kwao katikati ya bahari. Hiyo ndo sehemu inayofanana na sinema, na hata hapo hakuna risasi iliyolia. Lakini wale wawili waliokamatwa hakuna aliyekuja na kamba usiku kuvunja dirisha la gereza. Walikiri kosa la kuua bila kukusudia, Novemba mwaka huohuo wakapigwa miaka 10 kila mmoja.

Na waliokolewa na nini? Siagi! Kweli kabisa. New Zealand ilikuwa inategemea sana kuuza siagi yake Ulaya na Ufaransa ilikuwa na sauti kubwa kwenye kuamua iingie kiasi gani, kwa hiyo jambo likafika mezani kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Javier Pérez de Cuéllar, na mwaka 1986 akatoa uamuzi kwamba Ufaransa iombe radhi, ilipe dola milioni 7 za Marekani, isiwekee kikwazo siagi ya wenzake, na wale maofisa wawili wahamishiwe kwenye kambi ya jeshi la Ufaransa huko kisiwa cha Hao kwenye bahari ya Pasifiki wakakae miaka mitatu. Hawakumaliza. Mafart alirudishwa Ufaransa Desemba 1987 kwa sababu ya ugonjwa, Prieur akafuata Mei 1988 kwa sababu ya ujauzito, New Zealand ikalalamika mpaka kwenye baraza la usuluhishi na mwaka 1990 likasema Ufaransa ilivunja makubaliano. Waziri wa ulinzi wa Ufaransa, Charles Hernu, alikuwa ameshajiuzulu siku nyingi. Hebu niambie, hadithi gani ya Jumamosi ina mambo kama hayo?

Mwezi huohuo wa Julai 1985 kulikuwa na uokoaji mwingine, huu sasa wa kweli wa mtu kumfuata mwenzake. Oleg Gordievsky, kanali wa KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, aliyekuwa anawafanyia kazi Waingereza kwa siri, aliitwa arudi Moscow, akashukiwa, akahojiwa, akaachwa anazungukazunguka huku anafuatiliwa. Mpango wa kumtoa ulishaandaliwa tangu miaka ya sabini mwishoni, na hapa ndo nataka mwandishi wenu asome taratibu: wafanyakazi wa ujasusi wa Uingereza pale ubalozini walipewa kazi ya kwenda kuangalia kona fulani ya mtaa siku maalumu ya wiki, miaka na miaka, kama kuna mtu kasimama na mfuko wa supamaketi ya Safeway. Hakuna mtu. Wiki ijayo tena hakuna mtu. Ndo kazi hiyo. Siku Gordievsky alipotokea na mfuko wake, ofisa wa Kiingereza akampita karibu anatafuna chokoleti kuonyesha ujumbe umefika, wala hawakusalimiana.

Baadae magari mawili ya ubalozi yakaelekea mpaka wa Finland, ndani mna maofisa wawili na wake zao na mtoto mchanga, kama watu wanaoenda matembezi. Karibu na mji wa Vyborg wakamchukua wakamlaza kwenye buti, wakamfunika blanketi maalumu la kuzuia joto la mwili lisionekane na vifaa. Kwenye vizuizi vya mpakani mbwa wa kunusa wakaanza kulizunguka gari. Mama mmoja akamweka mwanae juu ya buti akambadilisha nepi palepale, ile chafu akaiangusha chini karibu na mbwa. Mbwa akaondoka zake. Silaha kubwa kwenye uokoaji ule ilikuwa nepi, na namba za kidiplomasia za gari, maana mkataba wa Vienna wa 1961 unalikinga gari la ubalozi lisipekuliwe. Ila mkewe Gordievsky na mabinti wawili walibaki Urusi, ikawachukua miaka sita kuungana nae. Hilo la familia ndo linalonikaa kichwani kuliko mbwa na nepi, kwa sababu kwenye hadithi zetu jasusi hana mke hana mtoto, ana bastola na koti.

Na mkisema Waingereza na Warusi ni mambo ya zamani, Septemba 1997 huko Amman, mji mkuu wa Jordan, majasusi wawili wa Israel walikamatwa baada ya kumpulizia sumu Khaled Meshaal, kiongozi wa kundi la Wapalestina la Hamas, wenzao wakajificha kwenye ubalozi wa Israel. Mfalme Hussein wa Jordan akasema Meshaal akifa hawa nao watapata ya kwao, hivyo serikali ileile iliyotuma sumu ikalazimika kutuma dawa ya kuiondoa, na juu ya hapo Sheikh Ahmed Yassin, mwanzilishi wa Hamas aliyekuwa amefungwa Israel, akatolewa gerezani. Umeona bei ya kumrudisha mtu?

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi, kama toleo lijalo halijaenda mtamboni. Yule kijana wa kreni aliyewaonyesha ghala lilipo na kuwafungulia mlango wa nyuma, tuliachwa tunajua tu kwamba "alitabasamu gizani." Yeye hakupanda meli. Asubuhi anaingia zamu kama kawaida, kamera zimerekodi, walinzi wamekufa, na jina lake liko kwenye orodha ya waliokuwa kazini usiku ule. Nani anamfuata huyo?

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa nyuma