Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Dada, jina lako sikulipata; kitambulisho chako kilikuwa kimegeuka. Wewe ndiye uliyemkuta baba kagoma kutia sahihi usiku wa kuamkia upasuaji. Mshipa wake mkuu wa damu, aota, ulikuwa umetanuka tumboni hadi sentimita 5.8, naye alishaamini atapasuliwa tumbo zima.

Hukumkemea. Ulichukua soksi yake, ukapitisha kalamu ndani polepole, ukasema: "Mzee, ni hivi. Tunaingilia kwenye kinena, tunapandisha bomba la kitambaa lenye waya, likifika linafunguka. Damu inapita humo, pale palipovimba panapumzika." Ukaongeza kwamba daktari wa upasuaji Juan Parodi alimtibu mgonjwa hivyo Argentina tangu 1990, kwa hiyo si majaribio. Baba akacheka (ile soksi, nadhani), akaomba kalamu hiyohiyo.

Wala hukumficha kwamba damu huweza kuvuja pembeni ya bomba, ndiyo maana atapigwa picha za uchunguzi maisha yake yote. Hapo ndipo alipokuamini.

Siku ya tatu alitoka kwa miguu yake, na alama mbili ndogo kinenani. Soksi ile hataki ifuliwe. Asante sana, dada.