Chupa ya Euro 9 kutoka Chiroubles

Lyon, Ufaransa, 12 Novemba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kutubana. Natumaini nyumbani hamjambo na mizabibu yenu ya Hombolo imechipua vizuri.

Jana usiku nimefungua chupa moja ya mvinyo mwekundu nikakukumbuka tangu glasi ya kwanza. Niliinunua Jumamosi huko Chiroubles, kijiji cha juu kwenye vilima vya Beaujolais, kaskazini mwa Lyon. Mama mwenye shamba alituonjesha kwenye meza ya jikoni kwake, akasimama kimya kutuangalia nyuso. Chupa euro 9. Kwenye lebo pameandikwa *Mis en bouteille au domaine*, yaani umetiwa chupani palepale shambani.

Unakumbuka ule mvinyo wa kwenye harusi, ulivyotukausha ulimi kama tumetafuna ndizi mbichi? Huu hauna ukakasi ule. Rangi ni ya zambarau, lakini nyepesi: ukiinua glasi kwenye taa unaviona vidole vyako upande wa pili. Harufu yake ni ya matunda mekundu, na kwa mbali ndizi mbivu. Mdomoni hauna sukari kabisa. Una uchachu kidogo unaojaza mate, kisha unateremka taratibu. Mama yule alisisitiza niuweke kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Nikatii, nikaunywa na soseji na viazi, na hadi sasa nauwaza.

Nikamuuliza wanafanyaje, maana nilijua wewe utaniuliza. Zabibu ni za aina ya gamay. Wanazichuma kwa mkono na kuzitumbukiza kwenye tangi la saruji vichala vizima, na vikonyo vyake, bila kuzikamua. Za chini zinapasuka kwa uzito wa zile za juu, juisi inaanza kuchacha, na hewa ya ukaa inayotoka inajaza tangi. Basi zile nzima za juu zinaanza kuchacha ndani ya maganda yake zenyewe! Ndiyo maana harufu ya tunda inabaki na ukakasi unakuwa mdogo. Siku chache tu, halafu wanakamua. Nilisimama pale nikafikiria vichala vyako, unavyovipakia kwenye kreti kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Na hii gamay ilishadharauliwa, ujue. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy, eneo lililo kaskazini mwa Beaujolais, aliamuru ing'olewe kwenye ardhi yake, akisema ni mmea mbaya. Huku kusini, kwenye udongo wa mawe ya matale, ndiko ilikostawi hasa. Nimeushika udongo huo: ni mchanga mkavu wa chengachenga, unapukutika mkononi. Hauwezi kustawisha mahindi, lakini mizabibu imejaa mlima mzima.

Sijui zabibu zenu nyekundu za Makutupora zingetoaje zikifanyiwa hivi. Mavuno ya Februari ukipata pipa safi lenye mfuniko, jaribu na vichala vya kreti mbili tu, uniandikie.

Nimekuwekea chupa mbili. Nikija Desemba nitazifunga ndani ya sweta. Usimwambie mtu yeyote kabla sijafika, hata shemeji.

Msalimie mama na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.