Baba, katapila lisiingie kiwanjani kwanza

Santa Rosa, California

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo na mguu wa Mama umepata nafuu. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Ramani ya nyumba ya Kigamboni aliyotuma fundi nimeiona, na tangu hapo sijatulia. Sikuamrishi, Baba, nakuomba: katapila lisiingie kwanza. Katika ramani hiyo mivinje yote imeondoka, hata mkungu alioupanda Babu.

Kampuni ninayofanyia kazi ilipata ukarabati mahali panapoitwa The Sea Ranch, kaskazini ya San Francisco, ukingoni mwa Pasifiki. Zamani palikuwa malisho ya kondoo. Miaka ya 1960 Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari, alipopewa mpango wa pale, alianza na upepo, udongo na miti. Nyumba zikafuata baadaye. Wafugaji walishapanda safu za misipresi kukinga upepo. Safu zikaachwa, nyumba zikajibanza kando yake, na uwanda wa majani ukabaki wazi. Jengo lao maarufu la mwaka 1965 limevikwa mbao zisizopakwa rangi. Nimezishika kwa mkono: chumvi na jua vimezifanya kijivu, na ukisimama mbali huzitofautishi na majabali. Mapaa yameinama kufuata mteremko, hayana upenu, upepo unapita juu yake.

Umbo lile halitufai. Kwetu nyumba isiyo na upenu itatupika, na masika maji yataingia mpaka chumbani. Ila ule utaratibu wao wa kusoma mahali kabla ya kuchora ndio ninaoutamani, Baba, na sisi tunauweza.

Fundi ameweka vioo vikubwa visivyofunguka upande wa magharibi, jua la jioni linakopiga. Hapo pawe na ukuta mnene na kibaraza. Madirisha yaelekeane, ili kusi ikivuma ipite ndani na kutokea upande wa pili, na kaskazi vivyo hivyo. Paa la kuficha aachane nalo; majani ya mvinje yakiziba mfereji wake, dari itavuja. Tupige upenu mpana. Kuta za chini ziwe za mawe ya matumbawe, kama walivyojenga wazee wa pwani. Zinapendeza na rangi ya ufukwe wetu, hazidai kupakwa kila mwaka.

Mchanga wa zege usichotwe ufukweni hata ndoo moja. Chumvi inakula nondo, zege linapasuka, na ufukwe wenyewe unadhoofika. Bahari ilivyoumega ufukwe wa Kunduchi umeona mwenyewe. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ramani ya fundi imeingiza baraza la mbele humo. Nyumba irudi nyuma, yale majani yanayotambaa yaendelee kushika mchanga.

Fedha za msingi ninazo tayari. Kabla sijazituma, naomba uende kiwanjani na fundi jioni moja, muone jua linapigia wapi, mfunge kamba kila mti unaobaki. Mdogo wangu apige picha, anitumie.

Nitapiga simu Jumapili asubuhi ya huku, kwenu itakuwa jioni. Msalimie sana Mama.

Mwanao