Shoga, usiombe mashine bila matunzo yake

Majengo, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kinango, wewe na mama na watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto tu ndilo halitupi nafasi. Ama baada ya salamu, propozali yako ya kuomba roboti za shule nimeisoma, na usiku watoto walipolala nikairudia. Nimefurahi kwamba shirika la ng'ambo limekumbuka shule ya kijijini, na nimefurahi zaidi kwamba anayeandika ni wewe unayesimama mbele ya hao watoto wa Gredi 7 na 8 kila siku. Lakini bajeti yako sijaipenda, na kwa vile mimi na wewe hatufichani, nitakwambia.

Umeomba seti 20 za roboti, basi. Hakuna hata shilingi ya betri, ya vipuri, ya kabati lenye kufuli, ya nauli ya walimu kwenda kujifunza, wala ya mwaka wa pili. Fedha yote imekwenda kwenye maboksi. Mfadhili akikukubalia hivyo hivyo, mwaka wa kwanza mtapiga picha nzuri, na mwaka wa pili utakuwa wewe na maboksi.

Wazee wetu hawakutoa hivyo. Mtu wa Mji wa Kale akijenga msikiti hakuishia kwenye kuta na mimbari. Aliuwekea wakfu nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, ili kodi na nazi zinunue mafuta ya taa na mikeka, zipake chokaa, zimlipe anayejaza birika la kutawadhia. Matunzo yalitolewa siku ile ile na jengo. Nataka propozali yako iwe na nia hiyo, kila kifaa unachokiomba kije na riziki yake.

Na mfano wa kinyume tunao hapa hapa nchini. Ahadi ya kompyuta za watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, vishikwambi vikaanza kufika shuleni 2016, na mwisho wake zaidi ya milioni 1 vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Si kitu kidogo hicho, na kuna watoto waliogusa skrini kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Lakini najua shule moja upande wetu ambako vilitumika vizuri kwa sababu palikuwa na mwalimu mmoja aliyevipenda. Alipohamishwa, ufunguo wa stoo ukabaki, ujuzi ukaondoka naye. Kwa hiyo andika walimu watatu wa kufunzwa, usiandike jina lako peke yake. TSC, tume inayoajiri walimu, ikikuhamisha Tana River kesho, darasa liendelee.

Sasa nikwambie jambo la kazini kwangu kwenye mizigo ya bandarini, maana hili hakuna atakayekwambia. Mzigo wa msaada ukiingia bandari ya Kilindini ni mzigo kama mizigo mingine. Kuitwa zawadi hakuuondolei ushuru, wala VAT ya asilimia 16, wala ada nyingine za kuingiza bidhaa. Msamaha upo, lakini huombwa kwa maandishi na mapema, na majibu yake hayana haraka. Meli haingoji. Siku chache za bure zikipita, ada ya storeji inaanza kuhesabiwa kila siku. Nimeshika faili ya vifaa vya shule moja ya bara ambavyo mtumaji alivituma kwa moyo safi, bila kuuliza nani atalipa huku. Mwalimu mkuu wake alipiga simu ofisini kila wiki, sauti yake ikizidi kuwa ya chini. Mwisho walilipa kwa harambee ya wazazi, watu wa jembe, wachangie kutoa zawadi bandarini! Sikuipenda kabisa siku ile.

Kwa hiyo omba fedha, ununue vifaa Nairobi au hapa Mombasa kwa muuzaji atakayekupa risiti na garantii. Wakishikilia kutuma wao, waandike kwamba usafiri, kodi na ada zote mpaka mlangoni ni juu yao. Na nipigie kabla hawajafunga boksi.

Kuhusu vifaa vyenyewe: yale matofali ya rangi ya LEGO ni mazuri, siyakatai. Ila fikiria kwamba LEGO ilitengeneza Mindstorms, seti zake za roboti, tangu 1998, shule nyingi duniani zikajenga masomo yao juu yake, na mwisho wa 2022 ikaacha kuitengeneza. Shule tajiri hununua toleo jipya. Ninyi hamtaweza. Afadhali vitu ambavyo waya wake unauzwa duka lolote la umeme.

Kijana wa jirani yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa aliniazima micro:bit, kibao cha saketi kinachoenea kiganjani, kile ambacho BBC na wenzake waliwagawia watoto wa darasa la saba wa Uingereza mwaka 2016. Kina taa 25 ndogo, vibonye viwili, kipima joto na kipima mwendo, na kinatumia betri mbili ndogo zinazofanana na za rimoti. Bei ya seti yako moja inanunua zaidi ya 10 za hizi. Tulichukua misumari miwili, tukaichomeka kwenye chungu changu cha mrehani pale barazani, tukaiunga kwa waya. Udongo mkavu hupitisha umeme kidogo, mbichi hupitisha zaidi, na kibao husoma tofauti hiyo kwa namba kati ya 0 na 1023. Taa zile haziwezi kuonyesha namba nzima kwa pamoja, kwa hiyo tarakimu zinapita moja moja. Mwanangu akamimina kikombe cha maji, akasubiri, namba ikapanda. "Mama, imeonja!" Akataka kumwagilia tena na tena mpaka mrehani ukaogelea.

Baada ya muda msumari mmoja ukashika kutu vibaya, mwingine ukawa salama. Yule kijana akamweleza kwamba umeme ukipita mfululizo hula chuma cha upande mmoja, basi afadhali programu iwashe umeme pale tu inapopima, kisha izime. Mtoto akabadilisha mistari miwili ya programu. Nilikaa nikimtazama, nikakufikiria wewe. Hapo ndani mna kemia, hesabu na kilimo, na msumari wenyewe unauzwa dukani Kinango.

Na shule yenu ina lile tangi la mvua na bustani ya sukuma. Kinango maji ndiyo habari ya kila nyumba. Kwa nini roboti yenu ya kwanza izunguke sakafuni ikifuata mstari mweusi? Watoto wapime udongo wa bustani, muhula wa pili wapime kina cha tangi, wa tatu waweke mota ndogo ifungue bomba udongo ukikauka. Mfadhili anayetaka roboti hatakosa kitu hapo: pana kihisi, pana programu inayoamua, pana mota inayotenda. Na wasichana wanaotoka na ndoo alfajiri watakuwa na la kusema zaidi kuhusu maji kuliko mtu yeyote darasani.

Intaneti isikutie hofu. Programu za micro:bit unaziweka kwenye kompyuta mara moja ukiwa mjini, kisha kazi inaendelea bila mtandao. Unaunga kebo, unakopi faili kwenda kwenye kibao kama unavyokopi kwenye flashi. Kompyuta nne zilizo nzima zinatosha kuanza. Bradha Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, alipopata tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, ile ya dola milioni 1, shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, na bado wanafunzi wake walikuwa wamefuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Marekani. Mtaje. Wafadhili wengi wanamjua.

Mashindano yaondoe mwaka wa kwanza. Najua watoto wanayaota, na Kenya hupeleka timu FIRST Global, mashindano ya roboti ya dunia, lakini usajili, nauli na hoteli zitameza bajeti ya betri ya miaka mitatu kwa ajili ya watoto wachache.

Mambo ya karatasi ni mafupi. Bodi ya shule ikae, ikubali mradi, kumbukumbu za kikao zitiwe sahihi na muhuri. Fedha ziingie akaunti ya shule, kamwe zisiingie M-Pesa yako hata wakikusihi. Taja kwamba KICD, taasisi ya mitaala, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu za kompyuta mwaka 2022, na kwamba watoto wa kwanza wa mtaala huu mpya wa umilisi wameingia Gredi 10 Januari 2026, ambako wanachagua mkondo, sayansi na teknolojia ukiwemo. Mtoto asiyewahi kushika waya atauchaguaje? Sentensi hiyo iweke ukurasa wa kwanza. Kaunti usiitegemee kwa hili, kwa katiba yetu wao wana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule yako iko chini ya serikali kuu.

Neno la mwisho, na hili limeniuma kidogo. Ukurasa wa tatu umewaandika watoto wako kama watu wa kuhurumiwa: hawana viatu, hawana hiki, hawana kile. Ufute. Andika yule mvulana uliyenisimulia, aliyetengeneza redio ya babu yake kwa waya wa baiskeli. Andika wale wasichana wanaojua kwa kugonga tangi kwa kidole maji yamefika wapi. Wafadhili wakisoma hivyo watajua fedha zao zinakwenda kwa nani.

Nitumie rasimu ya pili kabla ya Ijumaa, nitaisoma Jumamosi ofisi ikifungwa mapema. Barua ya bodi ipige picha uitume WhatsApp, na bei za vifaa nitakuulizia mimi mjini. Mama mpe pole ya goti, mwambie dawa yake nimeshainunua, nitampa dereva wa matatu ya Kinango kesho asubuhi.

Wako akupendaye,
Shogayo wa Majengo