Mpiga picha ametajwa, mchimbaji yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Mwezi uliopita binti yangu alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa fuwele ya tanzanite, ndefu kama kidole changu cha kati, imesimamishwa juu ya kitambaa cheusi. Chini yake pameandikwa Merelani, Tanzania, ndivyo wanavyoiandika Mirerani yetu ya machimbo ya tanzanite, kisha jina la tajiri wa Ulaya anayeimiliki, kisha jina la mpiga picha. Nilimwomba simu, nikaikuza picha kwa vidole viwili na kushuka hadi kwenye kitako cha jiwe. Upande wa kushoto kuna kovu dogo kama mwezi mwandamo, na juu ya kovu kuna kinywe, yale madini meusi laini ya ncha ya penseli, kilichong'ang'ania ndani ya ufa, kipande kisichozidi punje ya mtama. Nikalitambua jiwe langu. Kovu lile nililitia mimi kwa ncha ya moko, patasi yetu ya shimoni, mwaka 1993, nikiwa kijana wa miaka 19, nimelala kifudifudi ndani ya shimo Mirerani.

Siku ile tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mbele, mimi nyuma yake nikivuta kifusi na kummulikia. Baruti ilikuwa imepigwa asubuhi na moshi ulikuwa bado unakaba koo. Yeye ndiye aliyeufikia ule uwazi kwenye mwamba ambamo fuwele hukaa. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akanyamaza. Kisha akaniita, "Dogo, njoo huku, taratibu." Akanipa moko kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwembamba kuliko wake, nami kwa pupa ya ujana nikaligonga jiwe kwenye kitako. Hakunifokea. Alivua fulana, akalifunga, tukapanda nalo juu.

Kwenye jua, ukilitazama hivi ni la kahawia. Ukiligeuza robo linakuwa zambarau, ukilisimamisha linakuwa bluu. Fuwele moja, rangi tatu kwa pande tatu. Ile ya kahawia ndiyo hupotea jiwe likichomwa, na bosi wetu aliliuza bila kulichoma, ndiyo maana kwenye picha ya binti yangu ukingo mmoja bado una rangi ya chai. Hiyo ilikuwa alama yangu ya tatu, baada ya kovu na kinywe.

Sidai fedha. Mgawo wetu tulipewa, mdogo, kwa makubaliano ya wakati ule, na bosi aliyetulisha miezi yote ile bila kupata kitu alikuwa na haki yake. Kinachoniuma ni ile mistari chini ya picha. Aliyebonyeza kamera ametajwa kwa jina lake kamili, na sawa kabisa, kazi yake ni nzuri. Aliyelilipia jiwe ametajwa. Aliyeingiza mkono gizani hadi kwenye kiwiko hayupo.

Nimesoma katika kurasa hizi wasomaji wakibishana nani aligundua tanzanite. Wengine wanasema ni Jumanne Ngoma, aliyeeleza kwamba aliyaokota mawe yale Januari 1967, na ambaye Rais Magufuli alimtambua hadharani Aprili 2018, siku ya kuzindua ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5, akaahidi apewe shilingi milioni 100. Mzee Ngoma alifariki Januari 2019, hata mwaka haukutimia. Wengine wanamtaja Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliyekuwa akitafuta madini na akasajili eneo mwaka huohuo wa 1967. Wapo pia wanaomkumbuka Mmasai anayetajwa kwa jina la Ali Juuyawatu, wakisema ndiye aliyeyaona mawe na kumwonyesha d'Souza.

Mimi naona tunabishana kwa sababu tunalibebesha neno moja, "kugundua", kazi za watu wengi. D'Souza mwenyewe hakujua ameshika nini. Alidhani ni olivini, jiwe jingine kabisa. Aliyelitambua kwanza kwa usahihi kuwa ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti ni Ian McCloud, mwanajiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma, na ni wangapi Arusha hapa wanaolijua jina hilo? Jina "tanzanite" nalo lilitoka kwa wauza vito wa New York, kampuni ya Tiffany, mwaka 1968, kwa sababu "zoisaiti" kwa masikio ya Kiingereza ilikaribia neno la kujiua. Kuokota, kutambua, kusajili, kupa jina. Kila kazi ina mtu wake, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake tukiwataja wote.

Hili sikulifikiria peke yangu. Binti yangu anafundisha Kiswahili sekondari, na usiku ule wa picha tulikaa sebuleni hadi saa sita. Aliniambia, "Baba, hata kwenye tungo za kale tuna shida hiyohiyo." Akanieleza kuhusu Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyenakili tenzi nyingi kwa mwandiko wake mzuri, na nakala zake leo ziko kwenye maktaba za Ulaya. Mtu asiyejua anaweza kuushika muswada akadhani aliyeandika ndiye aliyetunga. Kwa hiyo wanaochunguza utunzi huanza kwa kutenganisha: nani alitunga, nani alinakili, nani aliutunza muswada ndani ya sanduku, nani aliuchapisha. Hutazama lahaja, hutazama vina, hulinganisha nakala moja na nyingine waone mkono wa nani umeingiza neno gani. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 hauwapi tabu hiyo sana, maana mama anajulikana na binti aliyemtungia anajulikana. Lakini nyimbo za Fumo Liyongo, yule shujaa na malenga wa kale wa pwani, akasema, wataalamu waangalifu hawaandiki "za Liyongo" wakaishia hapo. Wanaandika "zinazohusishwa na Liyongo".

Nililipenda sana neno hilo, zinazohusishwa. Halimfuti mtu, wala halimpi asichothibitishiwa. Laiti lebo za mawe zingekuwa na adabu hiyo.

Tena si tatizo la jana. Zoisaiti yenyewe, mama wa tanzanite, ilipewa jina mwaka 1805 na Abraham Gottlob Werner, bingwa wa madini wa Ujerumani, kwa heshima ya Sigmund Zois, tajiri wa Ljubljana aliyependa kukusanya mawe. Jiwe lilitoka milima ya Saualpe, Austria. Zois hakulichimba, aliletewa na mfanyabiashara wa mawe. Miaka zaidi ya 200 imepita na kila kitabu cha madini duniani kinamtaja Zois, lakini mkono uliolitoa jiwe mlimani haumo.

Wanasayansi wa leo wamejitahidi zaidi, na lazima nilikiri hili. Mwaka 2016 yalitangazwa madini mapya kutoka mashimo yetu ya tanzanite, yanaitwa merelaniaiti. Ni vinyweleo vya kijivu vyenye mng'ao wa chuma, vimejiviringa kama mkeka uliokunjwa, vingi havifiki milimita moja, vichache sana vimefika 12. Ndani yake kuna molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Makala ya kuyatambulisha ina orodha ya waandishi, akitangulia John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Michigan Tech, na wameandika wazi kwamba wameyapa jina la mahali yalipopatikana kwa heshima ya wachimbaji wa hapo. Jina la madini mapya halipiti hivihivi. Lipo jopo la kimataifa linalolipima, na lazima kipande cha mfano kihifadhiwe makumbusho ili mwingine aweze kwenda kukikagua.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Tangu niache kushuka shimoni mwaka 1998 mimi ni fundi wa kukata vito, na kabla ya kukata, kazi ya kwanza ni kusafisha. Nimesugua mamia ya fuwele kwa brashi ya waya mwembamba na maji ya sabuni ili kinywe kitoke na mnunuzi aone rangi. Mara kadhaa chini ya lupu, kioo chetu cha kukuzia, niliona nywele za kijivu zimesimama kwenye ufa wa jiwe, ngumu kidogo, si kama kinywe kinachopaka vidole. Nilizisugua zikaenda na maji. Siwezi kuapa kwamba zilikuwa merelaniaiti. Ila najua niliziona, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini.

Nawashukuru waandishi wale kwa kututaja. Lakini "wachimbaji wa hapo" ni watu maelfu, na heshima iliyogawanywa kwa maelfu haimfikii mama wa mtu nyumbani. Kwa nini makala iwe na majina ya waliolipima jiwe, mmoja mmoja, na waliolitoa wawe kundi? Silaumu nia yao. Nadhani hata wangetaka kumtaja mtu, wasingempata, kwa sababu huku kwetu hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo ombi langu lilipo, na nalielekeza kwa wenye mamlaka ya madini na kwa wenzangu mafundi na madalali. Karatasi za mauzo nilizowahi kuzishika zina nafasi ya mwenye leseni, ya dalali, ya uzito na ya bei. Iongezwe nafasi moja: aliyelitoa shimoni. Kama walikuwa wawili, waandikwe wawili. Asiyejua kuandika aweke dole gumba na karani amwandikie. Sisemi kila chembe, maana chembe hutoka kwa ndoo. Nasema fuwele nzima, zile zinazotoka na ncha zake, ambazo sote tunajua zitapelekwa kwenye kabati za kioo na kupigwa picha. Jiwe likisafiri, karatasi isafiri nalo. Maabara ikilipima inaweza kusema ni jiwe la aina gani, lakini hakuna chombo kitakachosoma kwenye fuwele jina la aliyeishika kwanza.

Najua atatokea wa kusema kwamba watu watadanganya, kila mmoja atadai jiwe ni lake. Watadanganya baadhi. Ndiyo maana nimeeleza kovu, kinywe na ule ukingo wa rangi ya chai. Mchimbaji hulijua jiwe lake kama mnakili anavyojulikana kwa mwandiko, na shimoni huwa kuna mashahidi. Pakiwa na shaka, liandikwe neno la binti yangu, linahusishwa na fulani.

Mwenzangu hakuyaona haya. Mafuriko ya 1998 yalimkuta chini, na ndiyo mwaka nilioacha kushuka. Nimemwandikia yule tajiri wa Ulaya kwa msaada wa binti yangu, nikamweleza alama tatu na kumwomba alitazame jiwe lake kwa lupu kwenye kitako, upande wa kushoto. Sijapata jibu, na bado namsubiri kwa heshima.

Majina yetu mawili nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, Ndugu Mhariri, si ya kuchapishwa, ila naomba uyatunze ofisini. La juu ni la mwenzangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Wako,
Fundi mkata vito, Ngarenaro, Arusha