Somo, usimwachishe ziwa

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Huku wote wazima, hofu ni kwako wewe na mwanao. Barua hii nampa mwenzangu anayekuja Tanga kwa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Sikutaka kukuandikia kwenye simu, maana najua simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani. Ukishaisoma ichane.

Tangu uliponipigia juzi usiku sijalala vizuri. Ulikuwa unanong'ona, mtoto analia, lakini nimekuelewa: mama mkwe alimpa mtoto maji ya sukari siku ya tatu tangu azaliwe, ukiwa umelala, umeingiwa na hofu, na sasa unataka kumwachisha ziwa umpe maziwa ya kopo kabla virusi vya UKIMWI havijamfikia. Somo, nakuomba kwa jina tunaloitwa sote wawili, usimwachishe.

Unajua nilizika mtoto mwaka 2006. Hujui alikufaje, kwa sababu sijawahi kukwambia.

Nilijifungua Januari. Enzi hizo ARV alianzishiwa mtu ambaye kinga yake imeshashuka sana. Mimi nikaambiwa bado. Uchungu uliponianza nilimeza kidonge kimoja cha nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto na virusi, mtoto akapewa ya kwake ya maji, ikawa basi. Kuhusu kunyonyesha niliambiwa nimpe maziwa yangu peke yake miezi sita, ikitimia niache siku hiyohiyo. Nikatii. Mwezi wa saba nikajifunga kanga kifuani, nikaikaza mpaka kupumua ikawa taabu, na bado maziwa yakachuruzika mpaka tumboni. Nimempakata, kikombe cha maziwa ya ng'ombe mkononi, yeye anageuza uso anasukuma kichwa kifuani kwangu. Alikuwa ananusa. Akalia mpaka sauti ikamkauka, mama yangu akamchukua akatoka naye nje.

Siku ya tisa akaanza kuharisha. Maji nilichemsha, kikombe nilichemsha, lakini nyumba ilikuwa na wapangaji wanane na bomba moja uani, choo hatua chache kutoka pale tunapooshea vyombo. Utosi ukabonyea. Nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, hairudi. Tulifika hospitali saa nne usiku, na hakuiona alfajiri ya pili. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na maziwa bado yananitoka.

Kwa miaka mingi niliwachukia walionishauri. Nilipoanza kazi hii ya kuelimisha kina mama kliniki ndipo nilipojua kwamba nao walifundishwa hivyo. Kwenye semina nesi mmoja alituhadithia ya Botswana. Serikali kule iliwapa mama wenye VVU maziwa ya kopo bure, kwa nia njema kabisa. Mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006 zikanyesha mvua kubwa, maji yakachafuka, kuharisha kukaingia, watoto wakafa kwa mamia. Walioumia zaidi ni wale wasionyonya. Mwaka uleule wa mwanangu, somo. Nilitoka nje ya ukumbi nikakaa chini ya mwembe. Sikurudi ndani mpaka saa ya chai.

Nairobi nako walifanya utafiti, matokeo yakatolewa mwaka 2000, kabla dawa hazijatufikia sisi. Kati ya watoto 100 walionyonya, kama 37 walikutwa na VVU kufikia miaka miwili. Wa kopo walikuwa kama 21. Kwa hiyo aliyekwambia virusi hupita kwenye maziwa hakukudanganya. Lakini vifo vilikaribiana: 24 kwa waliolishwa ziwa, 20 kwa wa kopo, na hao ni mama waliochaguliwa kwa kuwa wana maji safi. Maziwa ya kopo yaliwakinga watoto kadhaa na virusi, lakini vifo havikupungua sana. Na Lusaka walijaribu kuwaachisha watoto ziwa wakiwa na miezi minne tu. Haikusaidia kitu.

Ila wewe si mimi wa 2006. Wewe unameza dawa kila siku tangu mimba changa, na kipimo chako cha mwisho virusi havikuonekana. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Utafiti uliotolewa 2018, wa nchi kadhaa za Afrika pamoja na India, ulionyesha kwamba mama akinyonyesha huku yupo kwenye dawa, mpaka mtoto anafikisha mwaka walioambukizwa kwa ziwa hawafiki 1 kati ya 100. Sikwambii ni sifuri, sitaki kukudanganya. Nakwambia kidonge chako cha usiku ndicho kinachomlinda mwanao. Ukisahau siku moja, meza ukumbukapo. Ukikosa siku kadhaa, mwambie nesi usimfiche.

Sasa hayo maji ya sukari. Ni kweli tunakataza kuchanganya ziwa na vitu vingine. Utumbo wa kichanga bado laini, maji na uji huukwaruza na kuingiza vijidudu, na kule Durban tangu 1999 waliona kwamba waliochanganyiwa ndio walioambukizwa zaidi. Lakini kosa la siku ya tatu halitibiwi kwa kukata ziwa! Mama aliye kwenye dawa, hata mtoto akishalishwa kitu kingine, anaendelea kunyonyesha. Rudi kwenye ziwa peke yake kuanzia mtoto atakapoamka sasa hivi, na Jumatatu umweleze nesi ilivyokuwa.

Mama mkwe usigombane naye. Amelea watoto saba, kwa macho yake anasaidia. Mwambie hivi: kliniki wamesema mtoto asionje chochote mpaka miezi sita, hata maji, hata dawa ya mchango. Hilo huambiwa kila mama, mwenye virusi na asiye navyo, kwa hiyo siri yako inabaki kwako. Ukiona bado ana shaka, nenda naye kliniki, nesi amwambie mwenyewe.

Ile dawa ya maji ya kumkinga mtoto na virusi usiiruke mpaka wiki ya sita. Siku hiyo watamwanzishia septrini ya kumkinga na magonjwa, na kumchoma kisigino, matone ya damu wayaweke kwenye karatasi wakapime virusi. Nenda na mtu, kungoja majibu peke yako ni kugumu. Na watoto wetu hawa, hata wasio na virusi, huugua upesi kuliko wenzao. Akipumua mbiombio, akikataa kunyonya, akiharisha au akichemka, usingoje kupambazuke. Chuchu ikichanika au ziwa likivimba jipu, mnyonyeshe upande mzima, ule mbovu kamua umwage, uende kituoni.

Mdogo wa marehemu nilimzaa 2015. Nilimnyonyesha mwaka na nusu, nikamwachisha polepole, mwezi mzima. Kipimo chake cha mwisho nesi aliandika kwenye kadi, akanigeuzia nisome mwenyewe. Kadi ipo kabatini, imeanza kukatika pale inapokunjwa.

Nimekuwekea kanga mbili mpya, kopo la asali ni la mama mkwe, mpe kwa heshima. Mtoto usimwonjeshe. Jumatatu saa kumi nitakupigia. Ukiwa na watu sema tu "nipo jikoni," nitaelewa, nitarudia usiku.

Mbusu kisigino kabla hawajakichoma.

Ni mimi somo yako,
Mbagala